"Hatuna", "Hailipi", "Si ya Hapa": Majibu ya Dirishani kwa Mgonjwa wa Saratani ya Tezi Dume

Baba mkubwa aliondoka Katonga, Kigoma, alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikiwa ndiyo kwanza inaingia, ili awahi foleni. Ilikuwa Aprili 2024. Alikuwa na kadi ya bima kwenye mfuko wa shati, cheti cha daktari kimekunjwa mara nne, na mimi pembeni yake. Dirishani dada wa dawa alikisoma cheti, akabofya kompyuta, akahesabu vidonge vya maumivu na kuvitia kwenye bahasha, kisha akakirudisha cheti akiwa ameweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Hii hatuna, mzee."

Baba mkubwa akashukuru. Tulipofika kwenye benchi chini ya mwembe akashusha pumzi, akasema: "Umesikia mwenyewe. Bima hailipi."

Hakuambiwa hailipi. Aliambiwa haipo. Lakini kwa mzee aliyetoka kijijini na maumivu ya mgongo, maneno hayo mawili yana tafsiri moja tu: toa hela. Jioni ile ile akaanza kuulizia mnunuzi wa mashine ya mtumbwi wake. Wiki tatu zilipita kabla binti yake, mwalimu wa shule ya msingi Kasulu ambaye ndiye mwanachama wa bima yenyewe, hajapata ruhusa ya kwenda ofisi ya bima kuuliza swali moja: sindano hii mnailipia au hamuilipii? Wanailipia. Siku ile ilikuwa imeisha stoo, basi. Mashine haikuwa imeuzwa bado, namshukuru Mungu, na nasema hivyo kwa sababu tarehe 15 Mei mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi hadi 15 Agosti, na familia ya mvuvi iliyouza mashine kabla ya miezi mitatu ya namna hiyo hainunui nyingine. Ila sindano iliyotakiwa kila siku 28 ilikuwa imecheleweshwa siku 21.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia ndugu na majirani kwamba dirisha la dawa lina majibu matatu yanayofanana masikioni lakini hayana undugu. "Hatuna" ni habari ya stoo. "Bima hailipi" ni habari ya orodha. "Hapa hatuitoi" ni habari ya ngazi ya hospitali. Kila jibu lina njia yake ya kutokea, na ukiishika njia ya jibu jingine unapoteza hela, muda, au vyote.

Kwanza, ugonjwa upi?

Huku kwetu mtu akisema "natumia dawa ya tezi dume" hujajua bado anaumwa nini. Tezi dume ya mwanaume hukua kadiri umri unavyokwenda, na kukua huko peke yake si saratani. Mzee anaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, mkojo unatoka kwa kusitasita. Anapewa tamsulosin kulegeza njia, au finasteride kuipunguza tezi yenyewe. Hivi ni vidonge vya kila siku, bei yake si ya kutisha, na haviponyi saratani. Finasteride ina jambo moja la kumwambia daktari bila kuulizwa: baada ya miezi kadhaa hushusha karibu nusu kipimo cha damu cha PSA, kile kinachoweza kudokeza saratani ya tezi. Anayeimeza akapimwa bila kusema anaweza kuambiwa yuko salama kumbe sivyo.

Saratani inathibitishwa kwa kinyama. Yaani daktari anachukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano, vinakwenda maabara, majibu yanarudi yameandikwa. PSA ikipanda peke yake inatia shaka tu. Nasisitiza hili kwa sababu ya kadi: karatasi ya majibu ya kinyama ndiyo mama wa karatasi zote zinazofuata. Rufaa, kibali cha dawa ya gharama, maelezo kwa daktari mpya, vyote vinaegemea hapo. Nimeona familia ikiitafuta karatasi hiyo miezi sita baadaye kwenye sanduku la nguo. Itoeni nakala tatu siku mnayoipokea.

Kuhusu zile chupa za mitishamba zinazonadiwa stendi na redioni kwamba zinatibu "tezi dume bila upasuaji", nitasema moja tu: muuzaji hajui kama una tezi iliyokua au saratani, na hajaomba kuona majibu ya kinyama.

Sindano ya tumboni na hesabu yake

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Hilo lilionyeshwa mwaka 1941 na daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges huko Chicago: wagonjwa waliokatiwa homoni hiyo walipata nafuu, hata wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika mifupani. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Matibabu ya leo ya ugonjwa uliosambaa, pamoja na majina yake magumu, bado yanasimama juu ya wazo hilo hilo: kata chakula cha saratani.

Njia moja ni sindano. Inayojulikana zaidi ni goserelin, ambayo wengi wanaiita kwa jina la kibiashara, Zoladex. Si maji kama sindano nyingine. Ni chembe ngumu, ndogo kama punje ya mchele, inayopachikwa chini ya ngozi ya tumbo, na huko inayeyuka polepole. Ipo ya miligramu 3.6 inayokaa siku 28, na ipo ya miligramu 10.8 inayokaa wiki 12. Haitaki kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, kwa hiyo anayepewa Mwanza aje kuchomwa nyumbani asiiweke kwenye begi juu ya injini ya basi.

Tufanye hesabu, na bei hizi ni za kuhesabia tu, si za duka lolote. Tuseme ya siku 28 ni shilingi 250,000, na ya wiki 12 ni 700,000. Mtu akiiona ya pili anaruka. Lakini kwa miaka mitatu mgonjwa atachomwa fupi mara 39, na ndefu mara 13. Fupi: 9,750,000. Ndefu: 9,100,000. Halafu ongeza safari 39 dhidi ya 13, na kila safari ina nauli ya watu wawili, kwa sababu mzee haendi peke yake, chakula, na pengine kulala. Bei halisi ya kuuliza ni ya mwaka mzima pamoja na nauli. Kwa mwenye bima hesabu hii haimhusu dirishani, lakini nauli inamhusu, maana kadi hailipi basi. Kwa hiyo muulize daktari: hii ya miezi mitatu naweza kuandikiwa?

Kuna kidonge kidogo kinachoandamana na sindano ya kwanza, nacho hudharauliwa: bicalutamide. Sindano hizi zina tabia ya ajabu. Siku za mwanzo zinapandisha homoni kwanza, ndipo ziishushe. Mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye uti wa mgongo anaweza kuumia vibaya kipindi hicho, hata kupooza miguu. Bicalutamide hutolewa kwa wiki chache kuziba pengo hilo. Ukiambiwa "sindano ipo, kidonge hatuna", usikubali kuchomwa kwanza na kutafuta kidonge baadaye kabla hujarudi kwa daktari na kumweleza.

Jambo ambalo binti hawezi kumwambia baba yake

Njia ya pili ya kukata homoni ni upasuaji wa korodani, maana ndiko homoni nyingi inakotengenezwa. Unafanyika mara moja. Homoni inashuka ndani ya saa chache, haina ule mpando wa mwanzo. Kwa kuzuia ugonjwa, matokeo yake yanalingana na ya sindano. Hauhitaji friji, stoo, wala kibali cha kila mara, na ni kazi ambayo daktari bingwa wa upasuaji wa hospitali ya mkoa anaiweza. Si lazima mtu avuke mikoa mitatu.

Kwa nini basi familia nyingi hazijawahi kuusikia? Kwa sababu neno linalokuja kichwani ni kuhasiwa, na neno hilo linamuua mwanaume kabla ya kisu. Daktari anaogopa kumvunjia mzee heshima, analitaja haraka haraka ukumbini, mzee anatikisa kichwa, inaandikwa sindano. Binti mwenye kadi hawezi kabisa kulizungumza na baba yake. Mtoto wa kiume naye anatazama chini.

Kwetu aliyeweza ni mjukuu. Wenye babu wanajua, utani wa babu na mjukuu unaruhusu maneno ambayo mtoto hawezi kuyatamka. Kijana wa miaka 22, anayesomea uuguzi, alikaa na babu yake ufukweni jioni, ziwa limefungwa, nyavu zimeanikwa, hakuna wa kumkimbiza mwenzake.

"Mume mwenzangu," babu akamwambia, "wanataka nini na mimi hawa?"

Kijana akamweleza taratibu. Kwamba sindano aliyochomwa tayari inafanya kazi ile ile, ila kwa dawa. Hamu ya ndoa inapungua kwa njia zote mbili, joto la ghafla mwilini linakuja kwa njia zote mbili. Kwamba kuna namna ya upasuaji ambapo daktari anatoa kiini na kuacha ganda, hivyo kwa nje hakuna anayejua. Kwamba tofauti kubwa ni hii: sindano ukiacha, homoni inarudi, kisu hakirudi nyuma. Baba mkubwa alinyamaza muda mrefu akizungusha kipande cha boya mkononi. Akauliza kama bibi ameambiwa. Kijana akasema hapana, hilo ni la babu mwenyewe kumwambia. Julai akafanyiwa.

Sisemi kila mzee afanye hivyo. Wapo ambao sindano inawafaa zaidi, na wapo ambao daktari ana mpango wa kuisimamisha baada ya mionzi. Ninachokataa ni mzee kuuza mashine ya mtumbwi kugharamia njia moja bila kuambiwa kwa utulivu kwamba ipo nyingine.

Vidonge vya gharama, na orodha tatu zinazochanganywa

Kwa wengi, baada ya miezi au miaka, saratani inajifunza kuishi na homoni kidogo sana. PSA inaanza kupanda tena ingawa sindano hazijakosekana, au upasuaji ulishafanyika. Kwa baba mkubwa ilianza kupanda mwishoni mwa 2025. Hapo ndipo majina mawili yanapoingia: abiraterone na enzalutamide. Siku hizi madaktari wanaweza kuzianza mapema zaidi pia, sambamba na sindano, kwa ugonjwa uliokwisha kusambaa.

Abiraterone inazima utengenezaji wa homoni hata ule unaofanyika kwenye tezi zilizo juu ya figo na ndani ya saratani yenyewe. Ilitokana na kazi ya taasisi ya utafiti wa saratani jijini London, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa bei ya dola 5,000 hivi kwa mwezi. Enzalutamide, ambayo haizuii homoni kutengenezwa bali inaifungia mlango isiingie kazini, ilifuata mwaka 2012 kwa dola 7,450 kwa mwezi. Ndugu aliye ng'ambo akikutumia habari za bei hizo, au akakwambia kwamba tangu 2025 wazee wa Marekani wana kikomo cha mwaka, kilichoanza na dola 2,000, kwa dawa zinazolipiwa na bima yao ya Medicare, anakwambia ukweli wa kwao. Kikomo hicho hakivuki bahari.

Kilichovuka ni kitu kingine. Hataza ya abiraterone, yaani haki ya mwenye dawa kuitengeneza peke yake, ilipoisha nguvu, viwanda vingi, vikiwemo vya India, vikaanza kuitengeneza kwa jina lake halisi. Dawa ni ile ile, bei imeshuka mno. Kwa hiyo anayeingia duka la dawa aulize "abiraterone" na si jina la kibiashara, kisha ahakikishe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Enzalutamide imebaki ghali zaidi sehemu nyingi.

Sasa orodha. Shirika la Afya Duniani liliingiza abiraterone kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwaka 2021 likaongeza enzalutamide kama mbadala. Mtu anasoma hivyo mtandaoni, anakwenda dirishani akidai haki yake. Lakini orodha ile ni ushauri kwa serikali. Ya pili ni ya Tanzania: Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na toleo la 2021 ndilo lililozingatiwa wakati kitita kipya, yaani huduma na dawa zinazolipiwa, cha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kilipoanza kutumika Machi 2024. Ya tatu ni orodha ya bei ya bima yenyewe, inayosema dawa gani inalipiwa, kiasi gani, kwa hospitali ya ngazi gani, na kama inahitaji kibali kwanza. Dawa inaweza kuwa kwenye ya kwanza na isiwe kwenye ya tatu. Inaweza kuwa kwenye ya tatu kwa nguvu fulani ya kidonge tu. "Bima hailipi" ni jibu halali pale tu linapotoka kwenye orodha ya tatu, na mwenye kuisoma ni ofisi ya bima au mhusika wa bima hospitalini. Muuza dawa mwenye haraka anaweza kukosea, kama tulivyoona.

Kwenye abiraterone kuna habari ya chakula ambayo nataka kila nyumba ya Kigoma iisikie. Dozi ya kawaida ni miligramu 1,000 kwa siku, yaani vidonge vinne vya 250, tumbo likiwa tupu: usile saa mbili kabla, wala saa moja baada ya kumeza. Sababu ni kwamba chakula chenye mafuta kinaifanya dawa iingie mwilini hata mara kumi zaidi. Fikiria basi vidonge vinne juu ya migebuka iliyoungwa kwa mawese. Hiyo ni sumu. Na kila anayeimeza anapewa prednisolone pamoja nayo, kidonge rahisi kinachopatikana karibu kila mahali, kwa sababu bila hicho presha inapanda, potasiamu inashuka na miguu inavimba. Kupima presha na damu si hiari.

Tabia hiyo hiyo ya chakula iliwapa watafiti wazo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 72: nusu walimeza 1,000 bila kula, nusu wakameza 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo. PSA zao zilishuka kwa namna isiyopishana sana. Utafiti ni mdogo, lakini baadhi ya madaktari wanaitumia njia hiyo pale ambapo bila hivyo mgonjwa angekosa dawa kabisa. Kwa hesabu, vidonge 120 vya mwezi mmoja vinakuwa vya miezi minne. Swali hilo mpelekee daktari wa saratani. Usijipangie jikoni.

Kadi yenyewe inafanyaje kazi

Mtumishi anayechangia NHIF hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Kadi inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi anaweza kuwa mmoja wao. Ndiyo maana wavuvi na wakulima wengi wa Kigoma na Tabora wanatibiwa kwa kadi ya mtoto aliye mwalimu au muuguzi. Familia zikae zipange nafasi hizo nne mapema, kwa sababu mara nyingi zinajazwa na watoto wote kabla mtu hajakumbuka kwamba baba ana miaka 65 na anaamka usiku mara nne.

Bima haimpi mgonjwa hela. Hospitali inanunua dawa kwa fedha yake, inatoa, mgonjwa anasaini fomu, madai yanapelekwa, yanakaguliwa, kisha malipo yanakuja baadaye. Ukiuelewa mzunguko huu unaelewa kwa nini "hatuna" ni nyingi kwa dawa za saratani. Hospitali yenye wagonjwa wawili wa sindano hii kwa mwezi haitaki kufungia fedha kwenye boksi ambalo linaweza kuisha muda rafuni. Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa, inabidi hospitali inunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, na hilo lina taratibu zake. Kwa hiyo mgonjwa anayerudi kila baada ya wiki 12 aseme leo tarehe atakayorudi. Mfamasia akijua kuna mzee wa tarehe fulani, ana sababu ya kuagiza. Hilo tulifanya baadaye, kabla ya upasuaji wa Julai, na lilisaidia kuliko malalamiko yote.

Ukipata "hatuna", omba upewe fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka la nje lenye mkataba na bima, au hospitali nyingine. Usinunue kwa hela yako ukitegemea kurudishiwa. Mfumo umejengwa kulipa vituo.

"Hapa hatuitoi" ni mambo ya ngazi. Orodha ya taifa imezipa dawa herufi: A kwa zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S kwa hospitali za ubingwa wa juu. Dawa nyingi za saratani ziko huko juu. Kwa mtu wa Kigoma maana yake ni kupita hospitali ya mkoa ya Maweni, kwa wa Tabora ni Kitete, kupata rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ambako kuna madaktari wa saratani na mionzi, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Rufaa iwe mkononi kabla ya tiketi ya basi. Na ukiwa huko muulize daktari bingwa kama dawa ikishaanzishwa unaweza kuendelea kuipokea au kuchomwa mkoani kwenu, na aandike hivyo kwa barua. Mstari mmoja wa barua umetuokolea safari ambazo siwezi kuzihesabu.

Dawa za gharama kubwa huhitaji kibali cha bima kabla ya kutolewa. Kibali kinaombwa na hospitali, kwa majibu ya kinyama, PSA za karibuni na sababu ya daktari. Wanaokwama hapa mara nyingi wamekwama kwa karatasi kukosekana. Kukataliwa kabisa ni jambo jingine.

Wasio na NHIF wana njia nyembamba zaidi. CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita iliyoanza 2018, ilikomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Mzee wa CHF akivuka kwenda Mwanza anavuka bila kadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023, imeandikwa ili kuziba mapengo ya namna hii. Kila anayesajiliwa aulize kabla ya kulipa: kitita changu kinafika hospitali ya kanda? Dawa za saratani zimo?

Na upo msamaha. Sera ya afya inawasamehe kuchangia gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na saratani imo kwenye magonjwa ya msamaha. Mlango wake ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Lakini hospitali inasamehe ilichonacho. Dawa ambayo haimo stoo haina msamaha, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mzee maskini kabisa ndiye anayeambiwa akanunue nje.

Safari ya mwisho ya Mwanza tulipita Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, na kule mwisho basi likavuka daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, kwani lilifunguliwa Juni 2025. Baba mkubwa alishika bahasha ya kaki magotini njia nzima. Ndani yake kulikuwa na nakala za kinyama, PSA zote zimepangwa kwa tarehe, barua ya rufaa, na daftari la shule ambalo binti yake ameandika kila dawa, kila siku iliyotolewa, kila siku iliyokosekana na jibu lililotolewa.

Aliandikiwa abiraterone na prednisolone. Dirishani kijana mmoja alisoma cheti, akabofya, akatikisa kichwa. "Hii haiwezekani, mzee."

Nilitaka kusema kitu, baba mkubwa akanizuia kwa mkono. Akainama hadi kwenye tundu la kioo.

"Mwanangu, haipo stoo, haimo kwenye bima, au haina kibali?"

Kijana akamtazama upya, akaangalia tena kompyuta. "Kibali, mzee. Haijaambatanishwa karatasi ya kinyama."

Baba mkubwa akafungua bahasha ya kaki na kuanza kutafuta nakala.